Mtihani wa Kiingereza kwa watu wa afya: niliyoyasema Chake Chake, kwa mliokuwa zamu

Wengi mmeniomba niiweke hotuba ya Jumamosi, waliokuwa zamu, waliokosa gari kutoka Micheweni, na jamaa zetu wa Unguja. Nimeiandika kama nilivyoisema, zile picha za projekta tu nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, wauguzi, wakunga, madaktari, wafamasia, na nyie wa meno naona mmejificha nyuma kule, njooni mbele jamani viti vipo.

Naanza na suali. Nani hapa wiki hii kazungumza na mgonjwa? Nyoosheni mikono. Wote, alhamdulillah. Haya, na nani kazungumza nae kwa Kiingereza? Naona mikono imeshuka. Mmoja tu kule, nawe umeniambia umefanya kazi Nungwi kwenye zahanati ya watalii. Suali la tatu: nani wiki hii kaandika kwenye faili la mgonjwa kwa Kiingereza? Si mnaona, mikono yote imerudi juu!

Basi hapo ndo nataka tukae leo. Sisi watu wa afya wa Zanzibar tunaandika Kiingereza kila siku ya Mungu na tunaongea Kiswahili kila siku ya Mungu. Kalamu ina mazoezi, mdomo hauna, na sikio halina. Halafu mtu anajisajili mtihani wa Kiingereza ili akafanye kazi nje, anakwenda kununua kitabu cha sarufi kizito kama tofali, anakaa nacho usiku mzima anakariri, na ule mtihani wala hauulizi hayo. Unauliza kazi yako. Nitalisema hili mara nyingi leo mpaka mnichoke: mtihani huu unauliza kazi yako.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Wengi wenu mnaijua IELTS, mtihani wa Kiingereza ule wa jumla, anaifanya mwanafunzi, anaifanya mhandisi, anaifanya kila mtu, unaweza kupewa habari ya vyura au ya madaraja ya zamani. Upo mwengine unaitwa OET, huu umetengenezwa kwa ajili yetu sisi tu. Ulianzia Australia miaka ya 1980 mwishoni, na mtaalamu wa lugha Tim McNamara wa Melbourne ndo alikuwa mmoja wa walioujenga. Kwa nini waliujenga? Kwa sababu walikuwa wakipokea madaktari na wauguzi kutoka nchi nyengine, na mtihani wa jumla haukuwaambia kitu wanachotaka kukijua: huyu mtu akisimama mbele ya mgonjwa mwenye hofu, mgonjwa atamuelewa? Ndo hilo tu walilotaka.

Taaluma zake ni 12. Uuguzi umo, na wakunga wanaingia humohumo, udaktari umo, famasia, meno, fiziotherapia, redio­grafia, macho, hata madaktari wa mifugo wamo. Wa maabara hamumo, samahanini sana, nyie njia yenu ni IELTS, lakini msitoke, mengi nitakayosema yanawahusu. Sehemu zake ni nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kusikiliza na kusoma taaluma zote mnafanya karatasi moja, kuandika na kuzungumza kila mtu kwenye fani yake. Alama kila sehemu ni kutoka 0 mpaka 500.

Sasa muuguzi anaetaka kujisajili Uingereza, baraza lao la wauguzi na wakunga, NMC, linataka 350 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 300 kwenye kuandika. Ukienda kwa IELTS ni 7 kwenye hizo tatu na 6.5 kuandika. Madaktari baraza lenu ni GMC, wao wanataka 350 kote kote hata kuandika. Wenye jamaa Oman na mnataka kwenda huko, kule mlango ni mtihani wa taaluma wenyewe, ila nao unaulizwa kwa Kiingereza. Kabla hujalipa hata senti moja ingia kwenye tovuti ya baraza la nchi unayotaka ukasome masharti yao kwa macho yako, sio ya kuambiwa na binamu, masharti yanabadilika. Ada ni mamia ya dola za Australia, mwenye mshahara wetu anajua maana yake, sio pesa ya kubahatisha.

Haya, tuingie kwenye kuzungumza, maana hapa ndo watu wanapatwa na homa.

Ukiingia, kuna maongezi kidogo ya kukuzoesha, hayana alama. Halafu unapewa kadi. Kadi inakwambia wewe muuguzi, upo wodini, mbele yako kuna mgonjwa au mzazi wa mtoto, na kazi zako ni hizi na hizi. Una dakika 3 za kuisoma, unaruhusiwa kuandika juu yake. Halafu mnaigiza kama dakika 5. Kisha kadi ya pili hivyo hivyo. Yule anaejifanya mgonjwa hakupi alama yeye, sauti inarekodiwa wanakwenda kusikiliza wasahihishaji wengine kabisa, kwa hiyo usiusome uso wake, akikunja uso ni kwa sababu kadi yake imemwambia awe na wasiwasi.

Nawapa kisa. Tulikuwa kwenye mazoezi, wawili. Mmoja daktari kijana, Kiingereza chake ni maji, kasoma nje, ukimsikia unatamani aendelee. Mwengine muuguzi wa shamba huku kwetu kaskazini, mama wa makamo, wakati uliopita na uliopo anavichanganya. Nikawapa kadi moja wote, mama mwenye mtoto wa pumu, kaandikiwa dawa ya kuvuta na hataki kumpa mtoto.

Daktari akaanza. Akaeleza pumu ni nini, njia za hewa zinavimba vipi, dawa inafanya nini, mara ngapi kwa siku, madhara yake ni nini, kamaliza dakika zote tano yeye peke yake. Kiingereza kizuri mno. Mama wa mtoto hajasema neno zaidi ya sawa, sawa, sawa.

Akaja yule muuguzi. Akavuta kiti. Akamwambia yule mama naona umechoka, umelala kweli jana? Mama akasema sijalala. Akamuuliza, sasa kitu gani hasa kinakutia hofu kwenye hii dawa? Hapo mama akafunguka, akasema jirani yangu kaniambia mtoto akianza kuvuta hiyo basi haachi tena mpaka mtu mzima. Muuguzi akanyamaza kidogo, akasema nashukuru umeniambia, wengi wanaogopa hivyo hivyo, ngoja nikueleze kidogo kidogo, na ukiwa hujanielewa nisimamishe. Akaeleza kipande, akauliza umenipata? Akaeleza kipande chengine. Mwisho akamwambia hebu nielezee wewe, nyumbani utampaje?

Sasa nyie niambieni, nani mngempa mtoto wenu amtibu?

Na wasahihishaji wanafikiri kama nyie. Alama za kuzungumza zimegawika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni lugha, unasikika vizuri, unatiririka, maneno yanafaa kwa mtu unaeongea nae, sarufi na msamiati. Fungu la pili ni kazi: umejenga uhusiano na mgonjwa, umemuelewa yeye anaonaje ugonjwa wake, umeyapanga mazungumzo, umeuliza vizuri, umeeleza vizuri. Yule daktari fungu la pili lote kalitupa. Muuguzi wetu kwenye sarufi alipungukiwa, ndio, tukaifanyia kazi miezi kadhaa, na alipokwenda kwenye mtihani wenyewe akapita kuzungumza. Nimefurahi nae kuliko ninavyoweza kusema hapa.

Kwa nini alijua? Hakufundishwa na kitabu. Ndo anavyoongea na wagonjwa wake kwa Kiswahili kila siku, bibi pole, umelalaje, kitu gani kinakusumbua zaidi. Kazi ileile. Nyie mnaijua, wallahi mnaijua, mnaifanya usiku wa manane wodini dripu zimekwisha na nyie wawili tu zamu nzima. Mkifika kwenye Kiingereza mnaiacha mlangoni mnaingia na sarufi peke yake.

Na jengine kwenye kuzungumza, acheni lugha ya faili. Mgonjwa haambiwi jina la kitabuni la ugonjwa halafu ukaendelea na safari. Kwa Kiswahili tunamwambia presha, tunamwambia sukari, tunamwambia picha ya kifua. Basi na kwa Kiingereza yapo maneno ya kawaida ya kila ugonjwa, yatafuteni hayo, andikeni kila siku mawili matatu ya wodi yenu, myaseme kwa sauti. Kwa sauti, sio kwa macho. Ukiona haya mbele ya watu jifungie chumbani, lakini mdomo ufanye kazi.

Sasa tuje kwenye kuandika, hapa nitakaa sana kwa sababu hapa kalamu zetu zinatudanganya.

Mnapewa dakika 45. Tano za mwanzo ni za kusoma tu, kalamu hushiki. Arobaini za kuandika. Unapewa maelezo ya mgonjwa, kurasa mbili za vipande vipande kama faili letu, tarehe, vipimo, dawa, historia, anaishi na nani, na chini yake unaambiwa mwandikie barua mtu fulani. Barua yenyewe kama maneno 180 mpaka 200 hivi. Mara nyingi ni barua ya rufaa, au ya mgonjwa anaeruhusiwa kwenda nyumbani, au anaehamishwa.

Sisi tunaona haya ndo kila siku tunafanya! Kweli, ila angalieni tunavyoandika. Vifupisho vitupu, nusu sentensi, tunajua mwenzetu wa hospitali ya Abdalla Mzee au ya Mnazi Mmoja ataelewa, na asipoelewa atapiga simu. Kule barua inakwenda kwa mtu asiekujua na hana simu yako.

Yupo dada mmoja alinipa barua yake ya mazoezi. Kadi ilisema mzee kafanyiwa upasuaji wa nyonga, anarudi nyumbani, mwandikie muuguzi wa jamii atakaekwenda kumfunga kidonda. Dada yule mchapakazi, kaandika kila kitu. Kaandika mzee alitolewa kidole tumbo ujanani, kaandika presha ya siku ya kwanza, ya siku ya pili, ya siku ya tatu, kaandika baba yake mzee alikufa kwa nini, maneno yamefika 300 na ushee. Nikamuuliza, wewe ndo muuguzi wa jamii, umefika kwa mzee, umebisha hodi, unataka kujua nini? Akafikiri. Akasema nataka kujua kidonda kikoje, nyuzi zinatolewa lini, dawa gani anakunywa, anatembea au hatembei, na kama kuna dawa inamdhuru. Nikamwambia haya, nitafutie kwenye barua yako dawa inayomdhuru. Akatafuta. Haipo! Penisilini ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya mtihani mstari wa juu kabisa na kwenye barua haikuingia, nafasi ilichukuliwa na kidole tumbo cha ujanani.

Nyie ni Wapemba, mmekua kwenye karafuu, kuchambua hakuna wa kuwafundisha. Mnakaa barazani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, mikono inakwenda wenyewe. Na makonyo hayatupwi, yana soko lake, yanatoa mafuta, lakini hayaingii gunia la karafuu. Maelezo ya mgonjwa ni hivyo hivyo. Kidole tumbo cha ujanani si uongo na si takataka, kwa daktari wa tumbo ingekuwa karafuu, kwa muuguzi wa kidonda ni makonyo. Kila unaposhika kipande muulize msomaji wako: hiki kitakusaidia kesho asubuhi?

Na wasahihishaji ndo wanachoangalia. Cha kwanza kabisa ni dhumuni, yaani mtu akisoma aya ya kwanza tu anajua kwa nini umemuandikia, unamtaka afanye nini. Usimzungushe. Halafu umechagua yanayofaa, umeandika kwa ufupi na yanaeleweka, lugha ya kitaalamu ya mtu kwa mtaalamu mwenzake, mpangilio, na ya mwisho ndo sarufi na tahajia. Mnaona sarufi iko wapi? Ni moja kati ya sita. Sisemi haina maana, sentensi ikivunjika mgonjwa anaweza kupewa dozi siyo, lakini watu wanaipa usiku wote na hayo matano mengine hawayajui hata kwa jina.

Mazoezi yake ni rahisi na ni bure. Ukimaliza zamu, chukua mgonjwa mmoja kichwani, sio faili, faili halitoki hospitali na jina la mtu halitoki, mbadilishe umri mbadilishe mtaa, halafu mwandikie barua tatu. Moja kwa daktari bingwa, moja kwa muuguzi wa jamii, moja kwa mtu wa fiziotherapia. Mgonjwa yuleyule. Utashangaa barua tatu hazifanani hata kidogo.

Kusikiliza. Jamani, sauti inapigwa mara moja tu. Mara moja. Haurudishi nyuma. Masuali 42, kwanza mgonjwa anaongea na mtaalamu na wewe unajaza maelezo yake, halafu vipande vifupi vya wodini kama watu wanavyokabidhiana zamu, halafu mahojiano au mihadhara mirefu miwili. Na lafudhi ni mchanganyiko, Mwingereza, Muaustralia na wengine.

Yupo mfamasia namjua, mtu makini sana, alijiandaa kwa taarifa ya habari ya redio moja tu. Kila usiku. Mtangazaji anasoma polepole, sauti safi studio, anaielewa neno kwa neno. Sasa nani kamwambia mgonjwa anaongea kama mtangazaji? Mgonjwa anakohoa, anajikatiza, anasema Jumatatu halafu anasema hapana, ilikuwa Jumapili maana mwanangu alikuwepo. Na jibu ni Jumapili! Mfamasia kaandika Jumatatu kwenye zoezi la kwanza nililompa, kaandika na miligramu zilizotajwa mwanzo kabla mgonjwa hajajisahihisha.

Tulichofanya ni hiki, nanyi mkifanye. Kundi la watu wanne watano kwenye WhatsApp. Kila usiku mmoja wenu ni mgonjwa, anarekodi sauti ya dakika mbili tatu kwa Kiingereza, anaumwa nini, tangu lini, kanywa dawa gani, na ajisahihishe njiani makusudi. Wengine mnasikiliza mara moja tu, mwenye kurudia amejidhulumu mwenyewe, mnaandika maelezo, mnatuma. Kheri ikiwa na watoto wanalia nyuma na jirani anapiga msumari, wodini ndo kulivyo. Halafu ongezeni sauti za wenyewe, wapo madaktari na wagonjwa wa Scotland na Australia tele kwenye intaneti wanaeleza habari zao.

Kusoma sitakaa sana. Ila kipande cha kwanza mna dakika 15 kwa maandiko manne na masuali 20, kisha karatasi inachukuliwa. Hapo husomi, unatafuta. Nani hapa hajawahi kusimama na mgonjwa anatapika huku anatafuta dozi ya mtoto kwenye muongozo? Ndo hicho kipande. Jibu ukilipata linakili kama lilivyo herufi kwa herufi, usilipambe.

Sasa kuna jambo naomba tulizungumze kama ndugu, maana limeniuma.

Wapo watu wanazunguka wanawaambia vijana toa pesa nikupe karatasi ya mtihani, toa pesa mtu akufanyie. Mwaka 2023 NMC walitangaza kwamba kwenye kituo kimoja kule Ibadan, Nigeria, matokeo ya mtihani wao wa taaluma wa kompyuta yalikuwa na mashaka. Mnajua walioumia ni nani? Hata aliekaa akafanya kwa jasho lake pale kituoni aliangaliwa kwa jicho lile lile na kutakiwa arudie. Msiwaletee wenzenu hayo.

Na mawakala. Tanzania ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza kwa utaratibu wao wenyewe hawaruhusu wakala kuja kusaka wafanyakazi kwenye nchi za orodha hiyo. Wewe binafsi kuomba mwenyewe moja kwa moja huzuiwi. Kwa hiyo akikujia mtu na koti kwenye joto hili anakwambia nina nafasi ishirini Uingereza, niachie pasi yako na milioni mbili, wewe unajua la kufanya.

Dada mmoja kaniuliza pale nje, sista, kwani lazima niondoke? Si lazima mwanangu. Nami nina raha kila nikiona muuguzi wetu kabaki. Wapo waliopita huu mtihani na wako hapahapa, na mama mmoja wa kizungu alipoletwa na mshtuko wa moyo kutoka hotelini, aliekaa nae akamshika mkono akamueleza kila hatua kwa lugha yake alikuwa muuguzi wetu wa hapa. Wapo walioondoka na wanatuma pesa kwa wazee na wanarudi na ujuzi. Yote ni kheri, chaguo ni lako, mimi nataka tu ukichagua uwe tayari.

Sasa toeni kalamu, nawapa kazi ya Jumamosi ijayo. Bibi wa miaka 68, ana sukari kwa miaka 15, kalazwa siku sita kwa kidonda cha mguu wa kushoto, kimesafishwa, kinapungua. Haoni vizuri. Anaishi na mjukuu wa miaka 14. Salfa inamdhuru. Aliwahi kuvunjika mkono 1987. Insulini kaanzishwa wodini na anaiogopa sindano. Anaruhusiwa kesho. Mwandikieni muuguzi wa jamii, dakika 40, simu zimezimwa. Mkimaliza, kaeni wawili wawili, mmoja awe bibi, mwengine amfundishe kujichoma, dakika 5 kwa Kiingereza, mrekodi. Barua na sauti zije kwangu kabla ya Ijumaa usiku nipate kuzisikiliza zote, na mjukuu msimsahau.